Mamdogo, limau na mistari ya mdomoni

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na jambo limenikaa rohoni, na kila nikitaka kuandika mengine naona kama namkimbia mtu. Leo nalitoa. Ni habari ya makunyanzi ya mdomoni. Najua kuna watakaocheka: nchi ina matatizo yote haya, yeye anatuletea makunyanzi! Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Gazetini kwetu kuna ukurasa wa urembo unaotoka kila Jumamosi. Dada anayeuandika alikwenda likizo ya uzazi, na mhariri akageuza shingo akaniona mimi. Nikamwambia mzee, mimi nina habari ya mgogoro wa viwanja mezani, mambo ya poda na wanja siyajui. Akasema, "Nani kakwambia ujue? Jaza ukurasa." Basi nikafungua intaneti, nikachota hapa, nikachota pale, nikatafsiri, na baada ya dakika arobaini kazi ikawa imekwisha. Kichwa cha habari: njia saba za kuondoa makunyanzi ya mdomoni ukiwa nyumbani. Namba moja ute wa yai. Namba mbili asali. Namba tatu maji ya limau, paka kila asubuhi, acha yakauke. Jina langu likakaa juu kwa herufi nzito. Nikarudi kwenye viwanja vyangu, na ule ukurasa nikausahau kabla haujatoka mtamboni.

Sasa nina mama yangu mdogo, mimi namwita Mamdogo. Ndiye aliyenilea tangu darasa la tano, nilipoletwa Dar kutoka Muheza. Ana miaka 54, anauza vitenge Kariakoo, na anaondoka kwake Mbagala alfajiri ili awahi. Magazeti hasomi, anasema yana maneno mengi. Lakini akisikia jina langu limetoka, ananunua. Anakata kile kipande kwa mkasi wa kukatia vitenge, anakitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya watoto. Namna hiyo ndiyo njia zangu saba zilivyofika Mbagala.

Kama wiki tatu hivi baadaye nikaenda kumsalimia. Nikapiga hodi, shikamoo, marahaba mwanangu, karibu ndani. Namwona kashika ncha ya kanga kaziba mdomo. Nikadhani jino. Alipoinama kunimiminia chai, kanga ikamponyoka. Wandugu, kuzunguka mdomo wote palikuwa peusi tii, kama mtu aliyekunywa wino, na upande mmoja ngozi ilikuwa imechubuka inatoa maji.

Nikamuuliza, Mamdogo umeungua na nini? Akasema, "Si ile dawa yako ya gazetini. Nadhani mimi ndiye nilizidisha."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonimaliza. Angenigombeza ningepata la kujitetea. Yeye alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe, maana ilikuwa haimwingii akilini kwamba kitu kilichoandikwa gazetini, tena na mwanawe, kinaweza kuwa cha ovyo.

Nilikuja kujua baadaye kilichotokea. Limau na ndimu vina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, ngozi inaungua, na kidonda kikipoa kinaacha doa jeusi la wiki nyingi au hata miezi. Mamdogo alikuwa anapaka limau alfajiri, anaacha likauke kama nilivyoagiza, kisha anasimama kituoni hadi jua linachomoza, na mchana kutwa yuko nje ya duka anaita wateja. Ukitaka kumuunguza mtu makusudi hutapata utaratibu mzuri kuliko huo. Na ule ute wa yai? Unakauka usoni, unavuta ngozi kwa saa moja mbili, unanawa, umekwisha. Angalau hauunguzi kama limau.

Nikamuuliza kwani hayo makunyanzi yalimwanza lini kumsumbua, maana hatujawahi kumsikia akiyataja. Akanyamaza, kisha akaniambia. Binti yake, mdogo wangu, ana send-off baada ya miezi mitatu. Siku hizi ukumbini wanapiga video na kuirusha hapo hapo kwenye kitambaa kikubwa, mtu unajiona uso wako ukubwa wa mlango. "Nimejiona kwenye harusi ya jirani," akasema. "Nikicheka nafanana na bibi yako siku alipokufa." Tangu hapo akawa hacheki mbele za watu bila kanga.

Halafu akatoa la pili. Kuna mwanamke ana saluni Sinza, anachoma sindano. Moja tu, unatoka umepungua miaka kumi. Shilingi 350,000. Na Mamdogo alikuwa ameshatanguliza laki moja, pesa ya kikoba.

Nilitaka kumwambia asiende. Lakini kwa mdomo gani? Mimi niliyemuunguza? Nikamwambia tutakwenda wote.

Kule saluni sikusema kazi yangu. Ni mahali pasafi, marumaru, kiyoyozi, picha za wazungu ukutani. Mwenyewe anaongea kwa upole. Akamshika Mamdogo kidevu, akasema lile doa si tatizo, tutachoma juu yake. Nikaomba kuiona dawa. Akafungua friji dogo, ndani mna soda, mtindi, na kichupa kisicho na karatasi. Nikauliza inaitwaje. Akasema imetoka Korea. Nikasema Korea ni nchi, mimi nauliza jina la dawa. Akasema ni kolajeni, halafu akasema ni Botox, halafu akasema ni vyote viwili. Nikauliza kama ikienda vibaya ana dawa ya kuirudisha. Akaniangalia. "Dada, umemleta mama apendeze au umekuja kunipa mtihani?"

Mamdogo ni mfanyabiashara miaka thelathini. Mtu asiyejua jina la mali anayouza anamtambua hata usingizini. Akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akasema tunarudi. Hatukurudi. Ile laki mpaka leo haijarudi nayo.

Wiki iliyofuata nikampeleka kwa daktari wa ngozi katika hospitali moja ya hapa mjini. Kijana tu, hajafika arobaini. Alipomwona Mamdogo akasimama akampa shikamoo, na nikaona mabega ya Mamdogo yameshuka. Yule daktari hakuanza na kunyanzi hata moja. Aliuliza maswali matatu.

La kwanza: "Mama, unavuta sigara?" Hapana. Akaeleza kwamba sigara inaharibu kolajeni, ile nyuzi inayoshikilia ngozi, na kule kufyonza kila siku kunakunja midomo pale pale. Ukiona mtu ana mistari mingi ya kusimama juu ya mdomo, swali la sigara halikosi.

La pili: "Mkorogo umetumia miaka mingapi?" Mamdogo akasema sijawahi. Daktari akangoja, hakumkazia macho, akawa anaandika andika tu. Nikataka kumtetea, maana mimi nimelala chumba kimoja na huyu mama na sijawahi kuona mkorogo. Mamdogo akasema, "Kumi na tano. Lakini sasa napaka kidogo tu, hapa mdomoni, kulainisha." Kumbe! Mimi nimeandika habari za vipodozi haramu mara mbili, nimepiga picha makopo yakiteketezwa, na kopo lingine lilikuwa chini ya godoro nililolalia.

Daktari akaniambia alijuaje. Ngozi nyeusi kwa kawaida inachelewa kupata mistari myembamba, maana weusi wenyewe ni kinga ya jua. Kwetu sisi kinachotangulia ni mikunjo mikubwa, ule unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo, na ule unaoteremka kidevuni. Mwanamke mweusi wa miaka 54 asiyevuta sigara akiwa na ngozi nyembamba kama karatasi juu ya mdomo, mishipa inaonekana na vipele vidogo vinamzunguka mdomo, jambo la kwanza analofikiria ni krimu zenye steroidi. Nyingi ya hizi krimu za kung'arisha zina klobetasoli, steroidi kali inayotolewa hospitali kwa magonjwa fulani na kwa muda mfupi. Ukiipaka usoni miaka, ngozi inasinyaa, inapoteza uimara, na ukiacha ghafla inalipuka vipele na kuwasha, kwa hiyo unarudi kuipaka. Hapo tumeacha haidrokwinoni, tumeacha zebaki ambayo inaingia mwilini na kuumiza figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamua vipodozi vilivyotiwa zebaki vikome kutengenezwa, kuingizwa nchini na kusafirishwa nje ifikapo 2020. Nendeni sokoni mkajionee.

La tatu ndilo lililonishangaza. "Mama, fungua mdomo." Mamdogo akasita kuliko hata alivyosita kwenye mkorogo. Juu upande wa kushoto, kuanzia chonge kwenda nyuma, meno manne hayapo. Aling'oa moja moja kwa miaka mingi, kila likiuma, maana kung'oa ni rahisi kuliko kuziba. Daktari akaniambia nisogee nitazame. Jino likitoka, mfupa uliolishika unayeyuka polepole, na mdomo ulioegemea pale unaingia ndani kama hema lililotolewa mti. Mistari ya Mamdogo upande wa kushoto ilikuwa mirefu kuliko ya kulia. Miaka yote hii nakaa naye uso kwa uso sikuwahi kuiona, na ndiye huyo nilimwandikia dawa.

Basi ndipo nikatoa daftari, safari hii kwa adabu, nikamwomba daktari anieleze njia zote zilizopo, moja baada ya moja, ipi ni ya nani na ina hatari gani. Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyaandika siku ile ya dakika arobaini. Mengine nimeyasoma na kuyahakikisha mwenyewe baadaye.

Kwanza jua. Mafuta ya kujikinga na jua ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo tunayoidharau. Sisi tunadhani ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa wenye ualbino ni suala la uhai, na ndiyo maana pale KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili yao. Lakini hata mweusi, anayesimama juani saa nane kila siku kwa miaka thelathini, analipa. Kiwango kinachoshauriwa ni SPF 30 kwenda juu, na unapaka tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kofia pana nayo ni dawa.

Pili ni krimu zinazotokana na vitamini A, hasa tretinoini. Hii awali ilikuwa dawa ya chunusi, na miaka ya 1980 daktari wa Marekani Albert Kligman na wenzake wakaonyesha kwamba inapunguza uharibifu wa jua kwenye ngozi. Unapaka usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, na unasubiri miezi mitatu mpaka sita. Mwanzoni inakausha na kuchubua. Mjamzito haruhusiwi. Ni njia yenye ushahidi wa kutosha, lakini haifuti kunyanzi lililozama, inapunguza yale membamba. Na kwa ngozi iliyochoshwa na steroidi, kwanza ipone.

Tatu ni Botox na ndugu zake. Hii ni sumu ya bakteria, ile ile inayoua watu kwa chakula cha makopo kilichoharibika, ila kwa kipimo kidogo mno. Inalegeza msuli usijikunje. Ilianza kwa wagonjwa wa macho, makengeza na kope zinazokaza zenyewe, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1989. Mke na mume madaktari wa Canada, Jean na Alastair Carruthers, ndio walioandika mwaka 1992 kwamba inaondoa mikunjo ya katikati ya nyusi, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu kwa kazi hiyo. Inadumu miezi mitatu minne hivi. Lakini mdomo si kipaji. Mdomo umezungukwa na msuli mmoja wa duara ambao ndio unaokula, unaokunywa, unaopiga mluzi. Ukichomwa kiasi kikizidi kidogo, chai inakuchuruzika kidevuni na herufi kama P na B zinakushinda. Mamdogo aliposikia hivyo akacheka nyuma ya kanga. "Nitaitaje wateja? Fitenge fitenge?"

Nne ni sindano za kujaza. Zamani walitumia kolajeni ya ng'ombe, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1981, na ilibidi mtu ajaribiwe kwanza mkononi kuona kama mwili utaikataa. Siku hizi inayotumika zaidi ni asidi ya hailuroniki, kitu ambacho hata miili yetu inatengeneza, kinachoshika maji. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2003, na iliruhusiwa kwa ule ule mkunjo wa puani hadi mdomoni. Inadumu miezi sita mpaka mwaka au zaidi kidogo, kisha mwili unaimeza, na inabidi uchomwe tena. Hapa ndipo penye jambo ambalo yule wa Sinza hakulijua. Karibu na mdomo na pua kunapita mishipa mikubwa ya damu ya uso. Sindano ikiingia ndani ya mshipa, ile dawa inaziba damu, na ngozi ya sehemu hiyo inakufa. Ikisafiri hadi kwenye mishipa ya jicho, mtu anapofuka, na imewahi kutokea. Asidi ya hailuroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha, kinaitwa hailuronidezi, na kila anayechoma anatakiwa awe nacho pale pale chumbani. Kama alichokuchoma si asidi hiyo, ni silikoni ya maji kwa mfano, hakuna cha kuyeyusha. Inakaa humo maisha, na inaweza kuota mabonge baada ya miaka.

Tano ni kuchubua: kemikali, leza, au mashine ya kusugua. Kanuni yake ni moja, unaondoa ngozi ya juu ili iote mpya. Kwa wazungu njia hizi zinafuta mistari ya mdomoni vizuri sana, na picha zote mnazoziona ni zao. Daktari akanionyesha orodha ya aina sita za ngozi aliyoianzisha Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, kuanzia ile inayoungua daima mpaka ile nyeusi kabisa. Sisi tuko namba tano na sita. Ngozi zetu zikijeruhiwa zinajibu kwa weusi, kama alivyojibu Mamdogo kwa limau, na wengine wetu tunaota makovu ya kuvimba. Zipo dawa nyepesi za kuchubua zinazofaa, zipo leza za aina nyingine, kuna na ile ya visindano vidogo vidogo ambayo ina hatari ndogo zaidi kwetu, lakini kwa mikono iliyozoea ngozi nyeusi. Kuchubua kwa kina kwa fenoli, ambayo inaweza hata kuvuruga mapigo ya moyo, kwa mtu mweusi hakufai.

Sita ni upasuaji wa kuvuta uso. Huu unavuta mashavu na shingo. Mistari ya juu ya mdomo inabaki pale pale, kwa hiyo anayeufanyia mistari hiyo anatupa pesa.

Saba, ambayo sikuiona kwenye tovuti yoyote siku ile, ni meno.

Daktari akafunga faili, akamwambia Mamdogo utaratibu wake. Mkorogo uachwe, lakini kwa mpango wake yeye, na vipele vitakapolipuka asikimbilie kopo. Mafuta ya jua na kofia. Doa lipone lenyewe. Tretinoini tutaiongelea baada ya miezi kadhaa. Na kesho aende kwa daktari wa meno. Mamdogo akauliza, "Na sindano?" Akamjibu, "Mama, nikikuchoma leo nitakuwa nimejaza shimo ambalo jino ndilo linatakiwa kulijaza. Tuanze na jino."

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Kuna usiku alinipigia simu analia, uso unawaka, vipele mdomo mzima, anataka kopo lake. Nilikwenda na bodaboda saa nne usiku nikalala huko. Tukaliweka kopo mezani tukaliangalia kama nyoka. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: alianza mkorogo mwaka ambao marehemu mume wake alileta mke wa pili, mweupe. "Nilitaka na mimi nionekane," akasema. Sikuwa na la kumjibu. Asubuhi yeye mwenyewe akalitumbukiza chooni.

Kwa daktari wa meno alitengenezewa kipande cha meno manne ya bandia, cha kuvaa na kuvua. Siku ya kwanza alikivaa akakaa mbele ya kioo kama dakika kumi. Pembe ya mdomo ilikuwa imepanda. Si muujiza, wandugu. Mistari ipo. Mtu wa miaka 54 aliyesimama juani maisha yake yote atakuwa na mistari. Lakini uso ulikuwa umekaa sawa, kushoto na kulia.

Siku ya send-off doa lilikuwa limefifia, likabaki kivuli tu. MC akamwita mama mzazi asimame. Kamera ikamfuata, na kwenye kile kitambaa kikubwa akatokea Mamdogo, ukubwa wa mlango, na mikono yote miwili ameinyoosha kwa binti yake. Kanga ilikuwa kiunoni. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikatoka nje kidogo.

Sasa upande wangu. Nilikwenda kwa mhariri nikamwambia ukurasa ule ulikuwa na kosa lililomuunguza mtu, turekebishe. Akasema, "Masahihisho ya ukurasa wa urembo? Nani amewahi kuona hiyo?" Tulibishana siku tatu. Mwisho nikapewa mistari minne chini ya ukurasa, herufi ndogo, isemayo limau lisipakwe usoni. Nusu ukurasa wa kuharibu, mistari minne ya kutengeneza. Na sijui ni Mamdogo wangapi wengine walikata kile kipande wakakitia koponi. Hao sina namba zao za simu.

Ndiyo maana nimeyaandika yote hapa, kwa urefu. Kama kuna mtu anataka sindano usoni, simzuii, uso ni wake. Ila aulize haya kabla ya kutoa hata shilingi: dawa inaitwaje, na nionyeshe kichupa chenye jina na tarehe, imesajiliwa na TMDA, wewe unayenichoma ni daktari wa nini, umeshawahi kuchoma ngozi kama yangu, ikiziba mshipa una nini cha kuniokolea. Vipodozi vya kawaida tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS, hata hivyo vina alama yake ya kuangalia. Akikununia kwa maswali hayo, jibu umeshapata.

Nimempelekea Mamdogo yale masahihisho ya mistari minne. Akaniuliza, "Ndiyo haya tu?" Nikamwambia ndiyo haya tu. Akachukua mkasi wa vitenge, akayakata, akayaweka kwenye kopo la biskuti, juu ya zile njia saba.

Haya, ni hayo kwa leo. Karibuni mseme na yenu, hasa nyinyi mliowahi kupitia mkorogo mkaacha. Mamdogo anasubiri nimsomee.